Kabichi za Pétronille na Maji ya Hori

Pétronille alibatizwa Buleusa, katika eneo la Walikale, tarehe 15 Agosti 1941, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Hiyo ndiyo tarehe pekee ya ujana wake inayoweza kuhakikishwa. Siku aliyozaliwa haijulikani. Mama yake alisema tu kwamba ulikuwa mwaka wa ndizi nyingi, na huko Walikale miaka ya namna hiyo si michache.

Baba yake alikuwa mwindaji aliyekwenda misa Jumapili, na kabla ya kuingia msituni Jumatatu bado alitimiza desturi za wazee wake. Binti yake hakuona ubaya wowote katika hilo, wala hakulichukua. Mwaka 1946 aliolewa na Mbonigaba, mtu wa Bihambwe katika milima ya Masisi, aliyeshuka msituni kuuza ngozi na siagi. Akapanda naye milimani. Alikuwa hajawahi kugusa ng'ombe. Siku ya kwanza alishika chombo cha maziwa kwa kuingiza vidole ndani ya mdomo wa chombo, jambo ambalo mfugaji hafanyi, na ukoo mzima wa mumewe ukacheka mpaka jioni.

Alijifunza. Baada ya miaka michache alikamua vizuri kuliko wengi waliomcheka, na aliijua chumvi.

Kwa wafugaji wa Masisi chumvi ni dawa ya kiangazi. Majani ya mlimani yakikauka, ng'ombe hupoteza hamu ya kunywa, na asiyekunywa hatoi maziwa. Kwa hiyo mwenye ng'ombe hukoroga chumvi katika maji ya hori, birika refu la udongo lililojengwa kando ya chemchemi. Ng'ombe akionja, hunywa mpaka ubavu unavimba. Anayekaribia kuzaa huongezewa konzi moja. Manyoya hung'aa, macho huchangamka. Pétronille aliyaona hayo kila kiangazi na akayaamini kwa bidii ya mtu aliyejifunza ukubwani.

Mbonigaba alikufa mwaka 1955 kwa ugonjwa wa kifua. Ng'ombe wake walikwenda kwa mdogo wake, Kabera, ambaye pia ni kapita wa kilima hicho, yaani msimamizi anayepeleka amri za utawala kwa watu. Mjane alibaki na nyumba na shamba moja la mteremkoni. Shamba hilo Mbonigaba alipewa na utawala kwa sharti la kulima mboga za soko. Sharti lilikuwa wazi: shamba lisilo na mboga hurudi, na kapita hupendekeza litumiwe vipi. Kabera alitaka liwe malisho. Hakuficha jambo hilo. Alilisema mazishini.

Mwezi wa Juni 1957 ilitangazwa kwamba agronomu, Mbelgiji anayesimamia kilimo cha eneo hilo, angepita Bihambwe Jumatatu tarehe 5 Agosti kukagua vitalu vya miche. Mashamba ya wajane yangeamuliwa siku hiyo hiyo.

Pétronille alikuwa tayari ameotesha kabichi. Kitalu chake kilikuwa na matuta matatu, yaliyopangwa moja chini ya lingine kutoka njia ya chemchemi hadi nyumbani kwake. Kiangazi kilikuwa kikali na chemchemi ilitoa maji kidogo. Ili Pétronille apate maziwa ya kupikia, Kabera alimwachia kazi ya kunywesha ng'ombe mchana, wachungaji wakiwa mbali. Ng'ombe wakimaliza, maji kidogo yalibaki horini. Pétronille aliyatazama maji yale, yenye chumvi ndani yake, akaona ni hasara kuyaacha. Akayachota kwa mtungi na kuyapeleka kwenye miche.

Hakuna mtu wa Buleusa ambaye angefanya hivyo, kwa kuwa Buleusa hakuna hori. Hakuna mzaliwa wa Bihambwe ambaye angefanya, kwa kuwa kwao maji ya hori ni ya ng'ombe na hayaendi pengine. Kosa hilo lilihitaji mtu wa Buleusa aliyefika Bihambwe.

Mwanzoni miche haikuonyesha lolote. Maji yalikuwa na chumvi kidogo, na mimea iliyavumilia. Lakini jua lilikausha hori kila siku. Maji yaliondoka na chumvi ikabaki, na juu ya hiyo iliongezwa nyingine. Ukingo wa hori ukaanza kuwa mweupe. Agosti ilipokaribia, Pétronille mwenyewe aliongeza konzi moja kwa ajili ya miche, ile ya ng'ombe anayekaribia kuzaa. Tuta la kwanza, lililo karibu na njia, lilipata mtungi ungali umejaa. La pili lilipata yaliyobaki, yakichanganywa na maji ya chemchemi. La tatu aliliona zuri tayari, akalimwagilia maji ya chemchemi peke yake.

Jumatatu tarehe 22 Julai tuta la kwanza lililala. Majani yalikuwa yamelegea juu ya udongo kama vitambaa vilivyofuliwa. Tuta la pili lilikuwa limeinama. La tatu lilisimama wima. Pétronille alimwagilia tena, kwa maji ya hori, na kufikia adhuhuri hali ilikuwa mbaya zaidi.

Siku hiyo alipita Athanase, monitere wa kilimo, kijana wa Bweremana aliyesoma shule ya kilimo na anayezunguka vilima kwa baiskeli kuwaelekeza wakulima. Alichimbua udongo kwa kidole. Ulikuwa umelowa. Kuna ugonjwa ambao huozesha mizizi na kuhama shamba hadi shamba pamoja na maji, na alama yake ya kwanza ndiyo hiyo: majani yamelala, udongo una maji. Athanase hakuwa mjinga kuudhania. Aliamuru miche yote ing'olewe na kuchomwa, akatuma mjumbe kwa agronomu kumwarifu kwamba Bihambwe kuna ugonjwa na kwamba unazuiwa.

Asubuhi iliyofuata alirudi pamoja na Kabera na vibarua wawili wenye majembe. Pétronille alikuwa amesimama katikati ya njia ya kitalu, na hapakuwa na njia nyingine.

"Shemeji, toka mu njia," Kabera alisema. "Hii miche iko na ugonjwa."

"Ugonjwa gani? Iko na jina?"

"Jina iko kwa monitere."

"Basi monitere aseme. Niko nasikia."

Athanase aliegemeza baiskeli yake kwenye ua. "Mama, weka kidole mu udongo. Maji iko. Mumea inalala sababu ya kiu. Hii haina kiu na inalala. Njo vile tunajua mizizi imeoza."

"Mi pia ninalalaka muchana nikichoka," Pétronille alisema. "Utanichoma?"

Kibarua mmoja alicheka. Kabera hakucheka.

"Batu banasema ulileta kitu ya kwenu," alisema. "Kitu ya pori. Kule bado banaongea na miti. Bulozi haikosekane mu mambo kama hii."

Bulozi ni uchawi, na kwa mjane asiye na ukoo karibu neno hilo si la mzaha. Pétronille alilijibu bila kupandisha sauti.

"Nilileta kikapo na rozari. Kikapo ilishaoza. Rozari iko ku ukuta. Ingia uipige jembe."

Kisha akainama, akachuma jani lililolegea kutoka tuta la kwanza, akalipangusa kwa kidole gumba. "Kama iko sumu, mungoje nianguke. Jembe ziko, mutanichimbia hapa hapa." Akalitia mdomoni. Walimtazama akitafuna mpaka akameza.

"Inakosa mafuta tu," alisema. "Chumvi iko."

Athanase alisogea. "Umesema nini, Mama?"

"Chumvi iko. Onja."

Alionja. Alilitafuna polepole, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mwanafunzi mwenzake wa zamani.

"Maji ya hii kitalu inatoka wapi?"

"Kwa hori."

"Hori ya ng'ombe?"

"Kuko ingine? Ya ng'ombe. Na mi mwenyewe njo niliongeza chumvi, kama ya ng'ombe iko karibu kuzaa. Nilitaka miche ikuwe na nguvu mbele ya agronomu."

"Sasa umekubali," Kabera alisema. "Umeua miche na mukono yako."

"Nimekubali chumvi. Ugonjwa sikukubali, na bulozi sikukubali. Usichanganye."

Athanase alisema kwamba anakwenda kuona chemchemi, akaondoka kwa miguu, baiskeli akiiacha uani. Kabera aliwaashiria vibarua. Pétronille hakuhama.

"Amri ni ya monitere, na monitere ameenda," alisema. "Wewe ni kapita ya njia na ya batu. Kapita ya kabichi, sijasikia."

Vibarua waliegemea mipini ya majembe yao. Hawakuwa na haraka. Walilipwa kwa siku.

"Agronomu atakuja," Kabera alisema mwishowe. "Ao atakuta hii imechomwa, ao atakuta wewe hauko hapa tena." Akashuka na watu wake.

Alasiri Athanase alifika nyumbani kwa Pétronille. Alikuwa ameonja maji ya hori na kukwaruza ukoko mweupe ukingoni. Hakueleza kwanza. Aliomba kiazi cha kizungu, kisu, chumvi na mabakuli matatu. Alimenya kiazi akakikata vipande virefu, vyembamba, vinavyofanana kwa urefu. Bakuli la kwanza alitia maji ya chemchemi. La pili alitia chumvi kidogo. La tatu alitia konzi, akakoroga mpaka maji yakawa mazito ulimini. Akagawa vipande, akakaa.

"Tunangoja nini?" Pétronille aliuliza.

"Kiazi iseme."

"Hapa banasema niko naongea na miti. Monitere anaongea na viazi."

Athanase alicheka, kwa mara ya kwanza tangu afike kilimani. Walingoja mpaka chungu cha maharagwe kikawa tayari, wakala. Kisha akamwambia atoe kipande kimoja kutoka kila bakuli na kujaribu kukikunja.

Cha maji safi kilikuwa kigumu kuliko kilipokatwa. Kilivunjika kwa mlio. Cha chumvi kidogo kilikuwa vile vile kama mwanzo. Cha chumvi nyingi kilijikunja kama mkanda wa ngozi, ncha ikagusana na ncha, na hakikuvunjika. Pétronille alikinyosha akakikunja tena.

"Kimelala," alisema.

"Kimelala ndani ya maji," Athanase alisema. "Kama miche yako."

Akamweleza kama alivyoelezwa shuleni, ila kwa mifano yake mwenyewe. Jani na kiazi vimejengwa kwa vyumba vidogo mno, ambavyo jicho haliwezi kuviona bila kioo cha kukuza. Kila chumba ni kama kibofu cha mbuzi kilichowekwa ndani ya kikapu. Kikapu ndicho ukuta, kina nguvu. Kibofu ni laini, na ndani yake mna maji yenye sukari na chumvi kidogo ya mmea wenyewe. Maji hupenya ngozi ya kibofu kwa urahisi. Chumvi hupenya kwa shida.

"Maji inaendaka kwenye chumvi iko mingi," alisema. "Kama inje ni maji safi, inaingia. Kibofu inajaa, inasukuma kikapo, jani inasimama. Kama inje na ndani ni sawa, inaingia na inatoka sawasawa, hakuna kitu inabadilika. Kama inje kuko chumvi kushinda ndani, maji inatoka. Kibofu inajikunja, inaachana na kikapo. Jani inalala."

Pétronille alifikiri. "Basi miche iko mu maji, na maji inaikimbia."

"Njo ile."

"Na nikimwanga maji safi mingi sana, kibofu haitapasuka?"

"Kikapo inaizuia. Inajaa, inakuwa ngumu, inaishia pale."

"Na ile ilishajikunja?"

"Kama kibofu iko muzima bado, maji inarudi na jani inaamka. Kama imekaa sana mu chumvi kali, kibofu imekufa. Hairudi. Ukitia kiazi ya bakuli ya tatu mu maji safi sasa, itakazana kidogo. Kesho haitakazana." Akaongeza, kwa fahari kidogo: "Shuleni tuliita osmozi."

"Jina muzuri," Pétronille alisema. "Enda uiseme kwa agronomu."

Hapo Athanase alianza kufuta kisu ambacho tayari kilikuwa kisafi. Alieleza kwamba mjumbe alishaondoka. Agronomu alishaambiwa ni ugonjwa. Monitere anayetangaza ugonjwa Jumatatu na kuufuta Jumanne hatumwi tena kuzunguka vilima. Anawekwa ghalani kuhesabu magunia. Alikuwa na pendekezo. Tuta la kwanza limekwisha kufa karibu lote. Wachome hilo moja tu. Yeye atasema ugonjwa ulizuiwa pale, matuta mawili yabaki, na hakuna atakayeaibika.

Lilikuwa pendekezo la mtu mwenye nia njema, na mtu mwingine angelikubali. Pétronille aliona lilikokuwa linaelekea. Shamba lililotangazwa kuwa na ugonjwa halipandwi mboga mpaka utawala uruhusu. Lisilopandwa mboga hurudi. Likirudi, kapita hupendekeza.

"Ukichoma hata mumoja kwa jina ya ugonjwa," alisema, "shamba yangu yote inakuwa ya ugonjwa, na kesho iko na ng'ombe ya Kabera ndani. Sichomi."

"Mama, mi ninakusaidia."

"Unajisaidia. Sikukatazi, na wewe uko na kazi yako. Lakini usiweke jina ya ugonjwa ku shamba yangu sababu ulikosea."

"Nilikosea," Athanase alikubali, kwa sauti ya chini.

"Umeona? Inasemekana. Umeisema sasa hivi na haukuanguka." Akamimina maji ya bakuli la tatu nje ya mlango, mbali na kitalu. "Bakuli ziache hapa."

Kesho yake alianza kusafisha udongo. Kazi hiyo ni rahisi kuieleza: chumvi iliyomo ardhini inapaswa kuyeyushwa kwa maji safi mengi na kusukumwa chini, mbali na mizizi. Ugumu ulikuwa maji. Kabera aliagiza kwamba mchana chemchemi ni ya ng'ombe peke yao, na kwamba shemeji yake asionekane tena karibu na hori. Pétronille hakubishana naye juu ya chemchemi. Alishuka hadi mtoni, bondeni, akapanda na mtungi mgongoni, akashuka tena. Wanawake waliokuwa wakivuna viazi mteremkoni walimwuliza anapika pombe ya nani. Aliwajibu anapika supu, chumvi imezidi.

Alichimba mfereji mdogo kuanzia kando ya matuta ili maji ya chumvi yatoke bila kulifikia lile la tatu. Alimwaga taratibu, akingoja udongo unywe, akamwaga tena. Alionja maji yaliyotoka mferejini. Yalipoacha kuwa na ladha, alipumzika.

Tuta la pili lilianza kuamka. Si kwa mpigo. Kwanza majani ya katikati, kisha ya pembeni, na machache ya nje yalibaki yamekauka kingo. Miche mingi ya tuta hilo ilisimama. Katika tuta la kwanza ilisimama michache sana, ile ya mwisho kabisa ambako mtungi ulifika ukiwa umepungua. Mingine ilikuwa kama Athanase alivyosema: maji yalirudi, lakini hapakuwa na kilichobaki cha kuyapokea.

Miche iliyokufa Pétronille aliing'oa mwenyewe. Hakuichoma. Aliibeba kwenye kikapu hadi njia ya ng'ombe, saa ambayo kundi la Kabera hupita, akaimwaga hapo. Ng'ombe hupenda chochote chenye chumvi. Waligombea majani hayo, wakalamba na kikapu.

Mchungaji alimkimbilia Kabera kumwambia. Kabera alifika akiwa na fimbo, kundi likiwa limekwisha kutafuna.

"Umelisha ng'ombe yangu nini?"

"Ugonjwa," Pétronille alisema. "Uzihesabu vizuri. Kama kuko moja inaanguka mbele ya Jumatatu, nitatoka mu shamba bila kuitwa."

Hakuna ng'ombe aliyeanguka.

Jumatatu tarehe 5 Agosti gari la agronomu lilipanda Bihambwe kabla ya jua kuwa kali. Agronomu ni mtu wa maneno machache, anayekijua Kiswahili cha kazini na anayechoshwa upesi na maelezo marefu. Athanase alikuwa amemsubiri njiani, akapanda gari nyuma. Kama walizungumza njiani, hakuna aliyesikia. Kabera alikuwa mbele ya kitalu akiwa amevaa koti. Alizungumza wa kwanza. Alisema shemeji yake alikataa amri, aliwatukana vibarua, aliharibu miche kwa kitu asichotaka kukieleza, na kwamba kilima kina hofu.

"Nilikieleza," Pétronille alisema. "Ni chumvi."

Mbele ya mlango wake kulikuwa na benchi, na juu ya benchi mabakuli matatu. Alikuwa ameyatayarisha tangu alfajiri. Alichukua kipande kutoka la kwanza akampa agronomu.

"Kunja."

Ilikuwa amri, na kwa muda mfupi kila mtu alingoja kuona itapokewaje. Agronomu alikunja. Kipande kilivunjika. Alipewa cha pili, kisha cha tatu, ambacho alikizungusha kwenye kidole chake kama pete. Hakuhitaji kuelezwa, ni somo ambalo kila mtu aliyepita shule ya kilimo amelifanya. Alikwenda kwenye matuta na kuyatazama moja baada ya jingine: la kwanza karibu tupu, la pili lenye majani yaliyoungua kingo, la tatu zima. Kisha akarudi kwenye mabakuli. Mpangilio ulikuwa ule ule.

"Nani alikuonyesha hii?" aliuliza.

Athanase alikuwa amesimama kando ya gari, akitazama mpira wa gurudumu.

"Iko hapa," Pétronille alisema. "Aseme mwenyewe."

Kabera aligeuka kumtazama. Athanase alivua kofia.

"Ni mimi, bwana. Siku ya kwanza niliona majani na sikuuliza maji. Nilituma neno ya ugonjwa. Ilikuwa kosa. Ni chumvi ya hori. Mama alikataa kuchoma, na hakukosea kukataa."

"Yeye njo alitia chumvi," Kabera alisema.

"Mi njo nilitia," Pétronille alisema. "Hakuna mutu aliniuliza mara mbili. Na mi njo niliitoa, na maji ya mutoni, sababu maji ya chemchemi kapita aliifunga."

Agronomu alimwambia Athanase kwamba watazungumza ofisini, na kwa uso wake mazungumzo hayo hayangekuwa mafupi. Alimwambia Kabera kwamba maji ya chemchemi yanagawanywa, ng'ombe na vitalu, na kwamba hataki kusikia habari hiyo tena. Kwa Pétronille alisema kwamba hakuna ugonjwa katika shamba hilo. Miche iliyosimama inatosha kupanda zaidi ya nusu ya mteremko. Akiipanda mvua ikianza, na sehemu iliyobaki akiijaza mboga nyingine, shamba halirudi.

"Jina ya mwenye shamba?" aliuliza, akitafuta kalamu mfukoni.

"Mbonigaba," Kabera alisema.

"Mbonigaba alikufa," Pétronille alisema. "Pétronille. Wa Buleusa."

Kabera aliguna. "Mwanamuke wa pori."

"Wa pori," alisema, "na wa hapa."

Athanase hakupelekwa ghalani. Alipokea onyo, akarudi vilimani na baiskeli yake. Siku hizi akifika kwenye kitalu huuliza maji kabla ya kutazama majani. Hori limekwanguliwa ukoko, na Pétronille hakuitwa tena kunywesha ng'ombe, kwa hiyo hana maziwa. Anasema maharagwe yanaiva bila maziwa. Tuta la kwanza amelifunika majani makavu na anaendelea kulimwagia maji safi. Atalijaribu kwa vitunguu mvua ikishalipiga vya kutosha.

Wingu la kwanza lilipita juu ya Bihambwe wiki hii na kuangusha mvua iliyotosha kulaza vumbi. Jumatatu tarehe 16 Septemba Pétronille ataanza kuhamishia kabichi zake shambani, akianza na zile za tuta la pili.